Maji yamepungua, usingizi haujarudi: afya ya akili ya manusura wa mafuriko

Alfajiri ya Jumatatu, Aprili 29, 2024, maji yalishuka Mai Mahiu, mji mdogo wa kaunti ya Nakuru nchini Kenya, watu wakiwa wamelala. Yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya mfereji unaoyapitisha chini yake kuzibwa na matope na magogo. Tuta liliposhindwa kuyazuia, yakafagia Kamuchiri na vijiji jirani. Zaidi ya watu 45 walikufa na wengine hawakuonekana tena. Siku zilizofuata kila mtu alikuwa pale: Msalaba Mwekundu, wanajeshi, mawaziri, makanisa, kamera, malori ya unga na blanketi. Baada ya wiki kadhaa malori yakapungua, na kamera zikahamia kwingine.

Ni wakati huo, mabati yakishapigiliwa na watu wakisharudi shambani, ndipo wengi huanza kugundua kwamba hawako sawa. Akili ya mtu aliyenusurika haifuati ratiba ya misaada. Washauri nasaha hujaa kambini wiki ya kwanza, wakati ambapo manusura wengi wanahitaji zaidi godoro kavu na habari za ndugu zao. Wanapoondoka, ndipo wale wachache wanaougua kweli wanapoanza kuhitaji mtu wa kuwatibu. Huu mpishano wa wakati ndio unaochanganya mambo. Tunamwita mgonjwa mtu asiyeugua, kisha tunamwambia ajikaze yule ambaye ameugua kweli.

Kutetemeka si ugonjwa

Mtu amevutwa kutoka kwenye matope usiku wa manane. Siku tatu baadaye bado anatetemeka, chakula hakishuki, mlango ukibamizwa anaruka. Pengine analia bila kukoma, au amekaa kimya kama ambaye hajaambiwa kwamba mtoto wake hayupo. Huyu hajarukwa na akili. Mwili wake unafanya kazi uliyoumbiwa.

Hatari inapotokea, sehemu ndogo ndani ya ubongo iitwayo amigdala hupiga king'ora kabla fikra hazijapata nafasi. Adrenalini humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio, damu hukimbilia misuli, tumbo husimamisha kazi. Ndiyo nguvu iliyomwezesha mama kubeba watoto wawili na kuruka ua ambalo leo akiliangalia hajui alilirukaje. Shida ni kwamba king'ora hicho hakizimiki kwa kuambiwa kuwa maji yamepita. Huzimika polepole, mtu anapolala mahali salama, anapokula, anapowaona watu wake na kushika tena kazi ya mikono yake. Kwa manusura wengi hali hutulia yenyewe ndani ya wiki chache, bila dawa na bila daktari, mradi mambo hayo ya msingi yawepo.

Kwa hiyo msaada wa siku za kwanza hauhitaji digrii. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unaufupisha kwa vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hatarini zaidi: mtoto aliyeachwa peke yake, mzee asiyeweza kutembea, mama mjamzito. Sikiliza anayetaka kusema, na asiyetaka mwache akae. Unganisha mtu na jamaa zake, na chakula, na orodha ya waliopelekwa hospitali, na simu ya kumpigia shangazi aliyeko Molo. Chifu anaweza kufanya hivyo, na mwendesha boda boda pia, na jirani ambaye nyumba yake haikuguswa.

Kuna mazoea mawili ya siku hizo ambayo ningependa yaachwe. La kwanza ni kuwapanga watu kwenye mduara na kumtaka kila mmoja asimulie alichokiona, kwa imani kwamba asipokitoa kitaozea ndani. Kikao cha namna hiyo cha mara moja, mara tu baada ya janga, kimefanyiwa utafiti mwingi, na matokeo ni kwamba hakizuii ugonjwa wa kiwewe, yaani mshtuko unaokataa kuisha. Kwa baadhi ya watu huuzidisha. La pili ni kugawa dawa za kutuliza kama daizepamu kwa kila asiyelala. Shirika la Afya Duniani halizipendekezi kwa mshtuko wa mwezi wa kwanza. Zina uraibu, na hazigusi chanzo cha shida.

Baada ya mwezi

Mwezi mmoja ni kipimo ambacho wataalamu wa afya ya akili hukitumia sana. Dalili zikizidi muda huo, na hasa zikimzuia mtu kufanya kazi, kulea au kuishi na wenzake, ni lazima tufikirie kwamba huenda ni ugonjwa wa kiwewe.

Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe. Ukikumbuka harusi ya dada yako unajua ilikuwa zamani, hata ukitabasamu. Kumbukumbu ya kiwewe hurudi bila tarehe, kama jambo linalotokea sasa hivi. Mvua inaanza kupiga mabati saa nne usiku, na mwili unarudi Kamuchiri: jasho linatoka, pumzi inakata, masikio yanasikia kelele za majirani ambao walishazikwa. Kisha mtu huanza kukwepa. Hapiti tena njia ile, hataki kusikia jina la kijiji, anabadilisha mazungumzo. Analala na viatu. Anakasirika kwa jambo dogo, halafu anajilaumu.

Si kila tahadhari ni ugonjwa. Ukienda Kano au Nyakach, kaunti ya Kisumu, msimu wa mvua, utakuta nyumba ambazo nyuma ya mlango, juu ya msumari, kumening'inia mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili. Ndani mna kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha shamba, kadi ya kliniki ya mtoto, pengine sare moja ya shule. Mama anaujua mfuko huo hata gizani. Hiyo ni busara ya mtu anayeishi na mto. Lakini mama huyohuyo akikesha kila usiku wenye wingu, akimzuia mtoto kwenda shule kwa sababu kumenguruma mbali upande wa Nandi, na hali hiyo ikaendelea hadi kiangazi, hapo mfuko haumlindi tena. Anahitaji mtu wa kumtibu.

Kiwewe si ugonjwa pekee. Dipresheni huja kimya: mtu hapendi tena alichokipenda, asubuhi ni mzigo, anajiona hana faida. Na kwetu mara nyingi haiji kwa jina lake. Huja zahanati ikiwa kichwa kinachogonga, mgongo unaowaka moto, moyo unaokimbia, tumbo linalojaa. Mgonjwa anapimwa malaria, haipatikani, anapewa Panadol na kurudi nyumbani. Baada ya wiki mbili yuko tena kwenye foleni. Muuguzi au afisa wa kliniki katika eneo lililokumbwa na mafuriko akiongeza maswali mawili tu, "Unalala vipi?" na "Ulipoteza nani?", atawapata wagonjwa ambao kipimo cha damu hakiwezi kumwonyesha.

Wapo watakaosema ni mapepo. Maombi yana nafasi kubwa hapa, na siwezi kuyadharau, kwa sababu kanisa na msikiti mara nyingi ndivyo vilivyobaki vimesimama wakati kila kitu kimekwenda. Mtu akiombewa na kundi linalomjua kwa jina, upweke wake unapungua, na upweke ni sehemu ya ugonjwa. Madhara huanza pale anapofungwa kamba, anapolazimishwa kufunga bila chakula, au anapoamriwa kutupa dawa zake ili kuonyesha imani.

Kuzika nani?

Katika yote yanayofuata mafuriko na maporomoko, naona gumu kuliko yote ni kumkosa mtu bila kupata mwili wake. Mtafiti Mmarekani Pauline Boss ameitumia kazi yake ya miongo mingi kueleza aina hii ya hasara, ambayo haina mwisho ulio wazi. Aliyepotea hayupo, lakini pia hajafa rasmi. Kumlilia ni kama kumsaliti, kumsubiri ni kujitesa. Familia hugawanyika: baba anataka matanga yafanywe, mama anasema pengine yuko hospitali fulani amesahau jina lake. Kila mmoja anamwona mwenzake hana moyo, kumbe wote wawili wanaumia.

Watu wa magharibi mwa Kenya walilijua jambo hili kabla ya vitabu. Kwa Waluo, mtu akizama ziwani asipatikane, tunda la yago huwekwa kwenye jeneza na kuzikwa nyumbani mahali pake. Yago ni tunda refu, zito, la mti wa mwegea, na uzito wake mikononi mwa wabebaji si jambo dogo. Kwa Waluhya wengi ni shina la mgomba. Linafunikwa, linaliliwa, linashushwa kaburini, na kuanzia siku hiyo mjane anaitwa mjane na mtoto anaitwa yatima. Familia inaruhusiwa kusimama upande mmoja. Mshauri nasaha anayefika kutoka jijini na kuiona desturi hii kama ushirikina anajinyima chombo ambacho hana mfano wake mfukoni. Lakini pia mila haipaswi kuharakishwa. Mama ambaye bado anatafuta hawezi kulazimishwa kumzika mwanawe kwa tunda eti kwa sababu wageni wanataka kuondoka Jumapili.

Kuna upande wa karatasi pia, nao huumiza akili kuliko inavyodhaniwa. Bila mwili, cheti cha kifo hakipatikani kwa urahisi. Sheria ya ushahidi ya Kenya humhesabu mtu kuwa amekufa ikiwa hajasikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake. Miaka hiyo yote akaunti ya benki inaweza kubaki imefungwa, shamba likakosa kurithiwa, na kila ziara katika ofisi humlazimisha mjane kusimulia upya usiku ule mbele ya karani. Wakili wa kujitolea hapo anaweza kuleta nafuu ambayo vikao vingi vya ushauri haviwezi kuleta.

Huzuni yenyewe si ugonjwa, hata ikiwa kali. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa unaotumika tangu 2022 unazungumzia huzuni iliyokwama pale ambapo, baada ya angalau miezi sita, kumtamani marehemu kunaendelea kutawala kila saa ya siku na kumzuia mtu kuishi, kupita kile ambacho desturi ya jamii yake inakitarajia. Kile kipande cha desturi ni muhimu. Mjane ambaye bado yumo katika muda wa maombolezo ya kwao asiandikiwe ugonjwa.

Maji yanayorudi, na maji yasiyoondoka

Maelezo mengi ya kiwewe yanachukulia kwamba janga lilitokea mara moja likaisha. Kule Budalang'i, kaunti ya Busia, haliishi hivyo. Mto Nzoia umevunja kingo zake mara nyingi, 2020 ikiwemo, na Mto Nyando hufanya vivyo hivyo kwenye tambarare za Kano. Mtu anajenga, anapanda mpunga au mahindi, anakopa kwenye chama, maji yanachukua, anaanza upya. Hapa tunakutana zaidi na uchovu wa roho kuliko ndoto za kutisha. Watu huacha kupanga, kwani kwa nini upake rangi ukuta ambao Aprili utaula? Mgeni huweza kuuita uvivu, kumbe ni dalili.

Halafu kuna maziwa ya Bonde la Ufa. Tangu miaka ya 2010, Nakuru, Naivasha na Baringo yamekuwa yakipanda na kumeza mashamba, shule na nyumba. Aliyehama Kihoto kule Naivasha, au pembezoni mwa Ziwa Nakuru, pengine hana usiku mmoja wa kusimulia. Maji yalikuja inchi kwa inchi, yakaingia chooni, yakaingia jikoni, na siku moja akafunga virago. Kwa kuwa hakuna aliyekufa siku hiyo, hakuna aliyekuja kumpa pole. Hasara isiyopewa pole hukaa ndani muda mrefu, na ningeomba wanaoandika orodha za waathiriwa wawaandike na hawa.

Tena kuna hasira. Mei 9, 2018, bwawa lilipasuka Solai, Nakuru, na kuua zaidi ya watu 40. Likiwa ni bwawa lililojengwa na watu, maswali hayakuwa ya mvua peke yake. Kesi ikazunguka kortini miaka kadhaa. Mungu akinyesha mvua, mtu humlilia Mungu. Lakini akiamini kwamba mkono wa binadamu ulihusika, jeraha haliwezi kufunga vizuri hadi apate majibu, na kila kuahirishwa kwa kesi hulifungua tena. Kumwambia mtu wa namna hiyo "samehe uendelee na maisha" kabla hajasikilizwa ni kumwongezea mzigo. Hasira yake ina haki, na haipaswi kutibiwa kama dalili.

Kambi nayo ni tiba, au ni sumu

Mwaka 2007 mashirika ya kimataifa yalikubaliana kuhusu mwongozo wa huduma za afya ya akili katika majanga, na mpangilio wake bado ndio bora ninaoujua. Chini kabisa, kwa watu wote, ni usalama, chakula, maji na makao yanayotolewa kwa heshima. Juu yake ni familia na jamii kusimama tena. Kisha ni msaada wa watu waliofunzwa kwa wale wanaohangaika zaidi. Daktari wa akili yuko kileleni, kwa wachache.

Ukiuchukulia kwa uzito, maswali yanakuwa ya kawaida sana. Je, choo cha kambi kina taa na komeo, ili msichana asiogope kwenda usiku? Je, familia za kijiji kimoja zimepewa mahema karibu karibu, au zimetawanywa kwa herufi za majina? Je, wanaume waliozoea kulima wamekaa kutwa wakisubiri foleni ya unga, au wamepewa kazi ya kuchimba mitaro na kulipwa? Mtu anayepewa kila kitu bila kuulizwa chochote hujihisi mdogo, na chang'aa haiko mbali. Je, tarehe ya kufunga kambi imetangazwa mapema, au watu wanaisikia kwa uvumi? Kutojua kesho kunaharibu usingizi kama mvua yenyewe.

Watoto husema kwa njia zao. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena, anamganda mama, anacheza mchezo mmoja wa kuzamisha mwanasesere kwenye karai siku nzima. Kijana wa kidato cha pili hanyamazi tu, anakosa darasa na kuanza kutembea usiku. Kurudi shule haraka husaidia kuliko mengi, kwa sababu kengele na ratiba humwambia mtoto kwamba dunia ina mpangilio. Asidanganywe kuhusu kifo. "Amesafiri" humfanya asubiri.

Na tiba ipo, hata pasipo madaktari wengi. Utafiti uliochapishwa 2020 ulifuatilia watoto 640 waliofiwa na wazazi, katika Bungoma nchini Kenya na Moshi nchini Tanzania. Tiba ya vikundi kuhusu kiwewe na huzuni ilitolewa na watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, na katika maeneo matatu kati ya manne, Bungoma mjini na vijijini yakiwemo, ilipunguza dalili za kiwewe kuliko huduma ya kawaida. Baadaye Bungoma ikaendelea kuwatumia walimu na wahudumu wa afya wa kujitolea. Kisumu nako, utafiti wa 2021 ulionyesha kwamba watu wasio madaktari wanaweza kutibu dipresheni na kiwewe kwa mazungumzo, kwa wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliokuwa wametendewa ukatili. Hawakuwa manusura wa mafuriko, lakini ugonjwa unaotibiwa ni huohuo, na lugha ya tiba ilikuwa ya nyumbani. Kenya sasa ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaotembea nyumba kwa nyumba. Kuwafunza walio Nyando, Budalang'i na Naivasha kazi hii kabla ya mvua kunagharimu kidogo kuliko kusafirisha washauri baada ya mazishi.

Kuna watu ambao hakuna anayewauliza. Wa kwanza ni wale waliokuwa wakiugua kabla. Maji yakibeba sanduku, yamebeba pia dawa za kifafa, za skizofrenia, za virusi vya UKIMWI. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, degedege linaweza kufuatana bila kupumzika na kuua, kwa hiyo orodha ya dawa hizi ingetakiwa iingie kambini pamoja na unga. Wa pili ni vijana waliochimba matope kwa mikono, wahudumu wa kujitolea, chifu aliyehesabu maiti. Wanasifiwa kwa ujasiri kisha wanaachwa nao. Mtu aliyembeba mtoto mfu hadi barabarani anahitaji kuulizwa habari zake miezi mitatu baadaye, si siku ya tatu tu.

Wakati wa kuwa macho zaidi ni kumbukumbu ya mwaka wa janga, na kila mvua za masika zinapoanza Machi. Hapo mtembelee aliyepoteza watu. Akisema amechoka kuishi, au anagawa vitu vyake, au anasema watoto watakuwa salama bila yeye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandi wazo. Kwa wengi ni mara ya kwanza kupewa ruhusa ya kulisema. Akikubali, asilale peke yake usiku huo, dawa za shambani na vidonge viondolewe nyumbani, na asubuhi asindikizwe hospitali. Hospitali za rufaa za Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret zina kliniki za afya ya akili, na simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Familia zilizokuwa zikificha jambo hili kwa kuogopa polisi zijue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha katiba.